Siti ya Nyuma

Risiti ya mwisho nimeikunja mara nne,
nikaichomeka ndani ya kava la simu,
nyuma ya kitambulisho cha kupigia kura.
Bi Mwanamkuu kasaini kwa wino mwekundu:
"Chombo chako sasa, Mbelwa. Hatudaiani."
Miezi kumi na minane, elfu saba kila siku,
Jumapili ikiwemo, mvua ikiwemo, malaria ikiwemo.

Niliondoka Makorora kabla mkate haujaiva.
Kijiweni wakaniuliza, unampeleka nani?
Simpeleki mtu.
Wakacheka. Kengeza akanishika usukani:
mtu haendi tu, bwana. Mtu huenda msibani,
huenda arusini, huenda kudai,
ama hukimbia. Wewe umekimbia nini?

Muheza, machungwa yamepangwa kwa mafungu.
Mluzi mmoja, "Boda!",
na kichwa changu kikageuka kabla sijakikataza.
Miaka kumi na mmoja hilo ndilo jina langu.
"Boda, mpaka Teule shilingi ngapi?"
Leo sibebi, mama.
Akanitazama
kama aliyekuta kisima kimetiwa kufuli.

Kwenye kona za Hale, katani kulia na kushoto,
nainama, nasubiri wa nyuma ainame na mimi.
Hayupo.
Pikipiki inakata kona kwa wepesi unaonitisha.
Mgongo una daftari lake, kumbe:
goti la mwanafunzi, ndoo ya dagaa,
mlevi aliyelala akaniachia udenda wa shingoni,
na yule aliyeshikwa uchungu usiku wa manane
akaning'ata bega njia nzima hadi Bombo.
Alama ninayo. Mtoto simjui hata jina.

Segera, trafiki kanyoosha mkono.
"Abiria wako yuko wapi?"
Sina.
"Na helmeti ya pili ya nani?"
Nikageuka kuitazama. Niliifunga mwenyewe alfajiri,
gizani, mikono ikifanya kazi yake bila kuniuliza.
Leseni sawa. Bima sawa. Taa zinawaka.
Kosa kalikosa, ila karatasi zangu hakuziachia.
"Huko uendako," akasema kwa sauti ya chini, "kuna nini?"
Sijapajua bado, afande.
Akanirudishia moja moja.

Korogwe nilikula wali maharage,
nikalipa sahani moja.

Mbele ya Makuyuni alisimama kijana
na betri ya gari begani.
Aliinua mkono, nikapita.
Nilimwona kwenye kioo akiushusha bila hasira,
kama mtu anayeshusha bendera jioni.
Nikajiambia: leo ni yangu. Risiti ninayo.
Nguzo ya umeme, nguzo, nguzo, nguzo,
hadi ya ishirini na tatu nikakanyaga breki.
Niliporudi hakuwepo.
Mchangani palibaki mraba wa betri,
pembe zake nne zimekaa sawasawa.
Sijui nani alimchukua. Nimesimama pale
kwa muda ambao abiria angenidai nimemchelewesha.

Mombo. Simu inaita, ni Zawena.
"Umefika?"
Nimefika.
"Wapi?"
Mombo.
"Nani kafa Mombo?"
Hajafa mtu.
Kimya. Kisha nikasikia sufuria ikifunikwa.
"Haya. Usile vya barabarani."

Milima imesimama karibu mno, kama mgeni
asiyejua umbali wa adabu.
Muuza matunda akanisalimu kwao, onga mshi,
akauliza: unapanda Lushoto au ndiyo unarudi?
Sikuwa na jibu la kumpa, nikanunua peasi za elfu mbili.
Mfuko ulikuwa mwembamba, utapasuka tu,
basi nikazimimina ndani ya helmeti ya pili,
nikakaza mkanda wake, nikaifunga siti ya nyuma.

Hazikuuliza bei. Hazikuniambia niongeze mwendo.
Nikapiga kiki.

Kona ya kwanza nikainama.
Zikainama.