Mwiko

Kabati la kioo lina taa moja ya njano,
chini yake chipsi zimelaliana kama wanafunzi wa bweni.
Saa mbili usiku, Majengo, Moshi.
Nimefunga cherehani, nina shilingi elfu nne
na karatasi.

Karatasi niliandikiwa na Dada Aikande wa lishe,
kwa mwandiko wa mtu anayeogopa kunihuzunisha:
kitunguu maji, hapana. Kitunguu saumu, hapana kabisa.
Maharage, ngano, maziwa, embe.
Wiki sita, alisema, halafu tutavirudisha kimoja kimoja,
kama hakimu anayeita mashahidi.

"Zege?" anauliza Elipokea, yai tayari mkononi.
Zege. Lakini bila kachumbari.
Na yai usilipigie kwenye lile bakuli la vitunguu.
Na sosi usinimwagie.
Na kikaango, samahani, kisafishe kwanza.

Foleni ikaguna.
Kijana wa bodaboda, koti la mvua hadi magotini:
"Mama, si ungepika nyumbani?"
Elipokea akanitazama kama ninavyomtazama mteja
anayetaka shati lisilo na kola, mikono wala vifungo.
Kisha akashusha sauti:
"Umepewa mwiko?"

Ndiyo, nikajibu. Ni rahisi kuliko kumweleza
kwamba kitunguu kisichozidi ukucha
hunijaza upepo hadi sketi niliyoishona mwenyewe inanikana;
kwamba juzi, kwenye kipaimara cha mtoto wa kina Mamsera,
nilikula mtori kwa adabu tu
(kwetu ukikataa mtori umekataa ukoo)
nikakesha nimejikunja
kama futi iliyosahauliwa mfukoni.

Mishikaki niliipita kwa macho.
Ilikuwa imelala kwenye saumu tangu asubuhi.
Moshi wake ukanifuata hadi ndani ya mtandio.
Moshi haumo kwenye karatasi.
Nikauvuta, pumzi ndefu, mara mbili.

Nikala nimesimama. Chumvi, ndimu, basi.
Yai limeungua kingoni, chipsi zimelainika katikati.
Kumbe kiazi kina ladha yake!
Miaka yote nilikula kitunguu
kilichopanda mgongoni mwa kiazi.
Ila sitadanganya: kachumbari niliikosa
kama ulimi unavyolikosa jino,
unarudi palepale, unarudi palepale.

Alhamisi iliyofuata sikufungua mdomo.
Elipokea aliinama chini ya meza,
akatoa kikaango kidogo chenye mpini ulioungua.
Na kwenye msumari, mbali na vyombo vingine,
ulining'inia mwiko mpya wa mti,
shingoni umefungwa uzi mwekundu.
"Huu wako. Haujui kitunguu."

Uzi nikaujua. Ni wa sare za kwaya,
lazima ulidondoka begani mwangu wiki ile.

"Mpisheni mwenye mwiko," akasema wa bodaboda,
na foleni ikacheka, nami nikacheka,
na tumbo, likisikia limetajwa,
likanguruma kidogo,
bila ubaya.