Kamba Iko Wapi

Mama hapendi swali linaloning'inia,
kwa hiyo nililileta hadi jikoni:
chombo kinapita juu yetu, kilomita mia nne kwenda juu,
kinaizunguka dunia kama jiwe kwenye kombeo.
Kinakwenda kasi gani?

Alikuwa akichambua omena. Hakunitazama.
"Na kamba iko wapi?"

Mwalimu Mudaki hakutuuliza hilo.
Alivunja chaki vipande viwili, akaandika,
nasi tukanakili kwa lugha ya mtihani.

Kamba ni dunia yenyewe, Mama. Inavuta.
Chombo kinaanguka, kinaanguka tangu siku kilipopelekwa,
ila kila kikianguka ardhi nayo inajikunja chini yake,
kinakosa pa kufikia.

"Kama Obonyo," akasema, akatupa kichwa cha omena.

Unakumbuka msimu wa kwelea?
Sisi wawili juu ya ulingo, mpunga wa Ahero umebeba,
Obonyo akaachia kombeo kabla ya wakati.
Jiwe halikuzunguka tena hata shubiri.
Lilinyooka, likaingia dirishani kwa karani wa maji.
Fimbo tulichapwa sote. Somo nililipata mimi.

Haya, hesabu.
Upande huu, kani inayovuta.
Upande huu, kani itakiwayo ili mwendo upinde.
Tungamo ya chombo iko huku, iko na kule:
piga mstari, piga mstari, imekatwa.

"Umetupa nini?"

Uzito wake. Hauhesabiki.
Kiwe tani mia nne, kiwe punje ya mchele,
kwenye njia ile ile mwendo ni ule ule.

Hapo aliacha omena.
Miaka ishirini madalali wamempimia magunia
kwa mizani yenye jiwe chini yake;
hajapata kusikia mahali ambapo uzito haumpunji mtu.

Nusukipenyo cha dunia, elfu sita mia tatu na sabini.
Ongeza mia nne.
Laki tatu, tisini na nane elfu na mia sita
(hiyo ni nguvu ya dunia, waliipima waliotangulia),
gawa kwa jumla ile. Hamsini na nane, nukta tisa.
Tafuta kipeuo cha pili.
Saba, nukta saba.

Kilomita saba na ushei kila sekunde, Mama.
Kutoka hapa hadi Kisumu hujamaliza kusema oriti.
Duara zima, dakika tisini na mbili;
maharagwe yako bado magumu.

"Na kikiwa mbali zaidi?"

Nilijifanya natafuta kalamu.
Ukigawa kwa kikubwa, jibu hupungua.
Kadiri kilivyo mbali, ndivyo kinavyokwenda polepole.

Obonyo akiwa Nakuru alipiga simu kila Jumapili.
Akavuka kwenda Doha, ikawa kila mwezi.
Sasa ni Machi, na salamu za mwisho zilikuwa za Krismasi.

Saa moja na dakika kumi na nne tulikiona,
taa isiyopepesa, kutoka Nyabondo kuelekea milima ya Nandi.
Nikamwahidi: saa mbili na dakika arobaini na sita kitarudi.
Alijifunga leso mabegani, akakaa ukingoni mwa mfereji,
vyura wakimpigia kelele, mbu wakimla,
hadi saa tatu na nusu.
Hakuna kitu.

Nilirudia kila tarakimu kwa tochi ya simu.
Hesabu ilikuwa sawa.
Kilipita, tena kwa wakati wake barabara,
lakini mbali magharibi, juu ya misitu ya Kongo.
Katika dakika zile tisini na mbili
Ahero, na mfereji, na Mama aliyeketi tuli,
tulikuwa tumesogezwa sote mashariki
kilomita elfu mbili na mia tano.

"Basi alipita," akasema Mama. "Ni sisi tuliohama."

Alisema alipita. Hakusema kilipita.
Nilizima tochi. Sikumsahihisha.