Mabuu Mawili

Chupa za jamu kumi na nne, rafu ya juu,
maabara ya sekondari, Kiloleni, Tabora.
Uji wa mahindi, sukari guru, hamira,
ndizi moja iliyoiva mpaka ikakata tamaa,
na pamba mdomoni mwa kila chupa.
Wanafunzi husema, Mwalimu Shija anafuga nzi.
Mimi si mwalimu, ni mtunza maabara.
Ila kufuga, nafuga:
nzi wa matunda, wadogo kama ufuta, macho mekundu,
siku kumi tu na kizazi kimeshapinduka.
Mimi nina arobaini na moja, sina hata mmoja.

Juzi nilipaka hamira juu ya kioo,
nikayashusha mabuu mawili kwa unyoya wa kuku.
La kwanza likala, likageuka, likala palepale,
kama mtu aliyelipia kiti.
La pili likala huku likienda,
likaacha mfereji mrefu uliopinda,
kama reli ukiitazama kutoka juu ya tangi la stesheni.
Yote mawili yalishiba.
Wanaojua wanasema ni jeni moja.
Wala si kwamba huyu anayo na yule hana:
wote wanayo, ila kwa miandiko miwili.

Nikamsimulia mama. Alikuwa anachambua maharage.
“Hilo nalijua kabla hujazaliwa.
Doto ana miguu ya babu yangu,
aliyebeba pembe mpaka pwani,
akarudi na shanga na kikohozi.”

Na Kulwa je, mama?
Walitoka yai moja.
Nesi aliwafunga uzi, mwekundu na mweupe,
na bado ulimnyonyesha mmoja mara mbili
mwenzake akilia.
Kama miguu ni ya babu, basi iko minne.
Mama akapepeta. Makapi yakaniangukia mimi.

Doto alipanda treni nikiwa na miaka tisa.
Hupiga simu kila mwaka kwa namba mpya:
Kasulu, Kitwe, mahali panaponguruma mashine
na yeye anacheka tu, hapataji.
Kulwa anauza asali stesheni, chupa za soda, vizibo vya gunzi.
Hajawahi kuvuka Urambo.

Wiki hii niliyanyima mabuu chakula,
saa chache tu, nione.
Lile zururaji likapunguza mwendo,
likatulia kama lile kaaji.
Jeni ileile. Mwandiko uleule.
Njaa imekuja, imesoma kwa sauti nyingine.
Nilikaa kwenye stuli yangu muda mrefu,
etha ikinipanda kichwani.

Maana mimi nilikuwepo.
Mwaka ule baba alipoanguka shambani, kwenye tumbaku,
walikuwa na nauli ya watu wawili ndani ya soksi moja.
Nauli ya mmoja ikanunua mahindi.
Usiku, nyuma ya banda la kukaushia,
niliwaona wakirusha shilingi.
Kichwa au mwenge.
Ikabiringika, ikasimama kwenye mguu wangu,
na mimi, mjinga, nikaiokota
kabla hawajaona vizuri.
“Ilikuwaje?” akauliza mmoja. Gizani sikujua nani.
Nikasema mwenge.
Sikuwa nimeangalia.

Jana Kulwa alileta asali, nikamwekea jicho kwenye hadubini.
Akatazama, mdomo wazi.
“Huyu anayekaa,” akasema, “ana nini?”
Hana kitu, nikasema, ni mzima.
Akiwa ameinama vile akaanza kunong'ona,
kama anavyofanya akipima asali, hata hajui anafanya:
Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza,
kituo baada ya kituo mpaka ziwani,
na kisigino chake kinagonga sementi
kwa mwendo wa behewa.

Sikumwambia la shilingi.
Nilibadilisha pamba,
nikaandika tarehe kwenye chupa ya kumi na nne.