Mguu Mmoja

Siwema, mpwa wangu, alishuka basi la Masasi
amekumbatia chupa kama mtu aliyebeba yai bila kikapu.
Ndani, juu ya uji mgumu mweusi,
miche thelathini na moja, urefu wake ukucha wa kidole kidogo.
"Mjomba," akasema, "haya ni maua ya kiatu.
Mimi narudi maabara, Morogoro. Wewe una mikono."

Mikono ninayo. Inanuka gundi.
Imeshona katambuga za nusu ya Newala
na viatu vya shule vya nusu iliyobaki.
Lakini shamba langu ni mikorosho kumi na minne,
na mkorosho haukubembelezi ili uote.

Nilivunja chupa Jumapili, kwa nyundo ya visigino,
nimeizungushia kitambaa.
Uji ukatoka umeng'ang'ania mizizi.
Usiache hata chembe, aliniusia, ukungu utaufuata.
Nikachukua msharasi, ule mwembamba wa ngozi ya mbuzi,
nikachambua mzizi mmoja mmoja
katika beseni la maji ya mvua.

Ya mvua, maana ya bomba yana chumvi,
huacha weupe kwenye sufuria, na mche huyakataa.
Nikamkumbuka mama akipanda kutoka bondeni alfajiri,
ndoo kichwani, mteremko mzima umebaki nyuma yake,
akitupimia kikombe kimoja cha kunawa uso.
Angeniona naogesha majani
angenitoa kwenye ukoo.

Niliipanda yote pamoja, kwenye kopo la gundi lililotobolewa:
vipande vya makumbi, mkaa, magome yaliyochemshwa.
Pamoja, kwa sababu mche wa peke yake hufa kwa upweke.
Siwema anasema ni unyevu.
Sawa. Unyevu.
Nailoni juu, matundu mawili ya kupumulia.

Mwezi wa kwanza ilikufa tisa.
Shina hugeuka kahawia, hulainika, basi.
Wa pili, minne.
Halafu konokono mmoja, usiku mmoja, sita.
Na siku ile jirani Mtalika alipopuliza salfa mikorosho yake
na upepo ukageuka,
nilikimbia na kopo chini ya shati
kama mwizi wa kuku.

Jani moja kwa miezi minne.
Januari ikaja na viatu vya shule, ikaondoka.
Bei ya mnada ikapanda, watu wakanunua vipya;
ikashuka, wakanirudia na vya zamani.
Nikahamishia kila mche kwenye kopo lake.
Majani yakatoka na madoa, kijani juu ya kijani,
mgongo wa kenge.
Siwema akipiga simu haulizi afya yangu.
"Mangapi?"
"Matano."
"Upana?"
Napima kwa kipimo cha nyayo:
"Saizi ya mtoto wa miaka miwili."

Mwaka wa tano mke wangu Asumini aliacha kucheka.
Wa sita akaanza kumwagilia mwenyewe
akidhani sijui.
Nilijua. Kopo lilikuwa zito.

Julai ya mwaka wa saba
katikati ya majani ikachomoza ala, nyembamba,
ulimi wa kiatu.
Nikaacha kuigusa. Nikaigusa.
Shina likarefuka na vinyweleo vyake, kichwa kimeinama,
wiki baada ya wiki bila neno,
mpaka Ijumaa moja, nikiwa nakata soli, ua likafunguka.

Pua imetuna, rangi ya ini.
Kisigino hakuna. Mshono hakuna.
Nililipindua taratibu nikitafuta walipoungia.
Miaka thelathini kazini, sijaona kazi ile.

Akasimama kijana wa bodaboda, ndara yake imekatika kamba.
Akalitazama ua.
"Fundi, mguu wa pili uko wapi?"

Nikamwonesha makopo kumi na moja ya majani matupu.
Akayahesabu yote kwa kidole.
Kisha akavua ndara, akanipa kwa wasiwasi.
"Na hii nitaipata lini?"

"Hiyo?" nikasema. "Hiyo kesho."