Ekari Mbili na Nusu

Jumanne asubuhi nilihesabu kuku, wakawa tisa.
Jumatatu walilala kumi na wawili.
Nikarudia kwa kidole, kama mtoto wa chekechea,
maana jicho la mwenye mali halikubali haraka.
Manyoya yaliteremka hadi kwenye korongo kavu,
na huko, katika mchanga wa Nyu Meksiko usioficha siri ya mtu,
nyayo: vidole vinne, kucha kwa mbele,
mstari mmoja, mnyoofu kama mshono wa cherehani.
Koyote.

Delfino, jirani wa upande wa machweo, alikuja na ushauri
kabla hata sijachemsha kahawa.
"Risasi, Eufrasia. Hawa hawana lugha nyingine."
Bunduki ya marehemu Plácido iko juu ya kabati,
miaka sita inalala na vumbi.
Usiku huo nilisimama barazani nikalenga, kwa kidole tu.
Nikaufuata mstari wa kidole changu, nikavuka korongo:
dirisha la kina Begaye, taa ya jikoni,
mtu anaosha vyombo.
Nikakikunja kidole.

Mpwa wake Delfino akaniletea chupa isiyo na lebo.
"Paka kwenye nyama. Tupa. Lala."
Nikamuuliza: na tai? Na mbwa wako mwenyewe,
yule wa sikio moja, anayekuja kuiba hapa kila Jumapili?
Akakuna shingo. Chupa akaondoka nayo.

Basi nikaenda mjini, nikanunua mtego.
Sitajitakasa: niliununua, nikalipa taslimu,
nikaufukia kando ya ua kwa mikono miwili hii,
nikanyunyizia mchanga juu, taratibu, kama anayeunga chumvi.
Kisha sijui ni nini kilichoniuma,
nikachukua ufagio, nikaugusa kwa mpini.

Kwa!

Mpini wa mti mgumu, vipande viwili.
Na palepale nikauona mguu wa Shandiin Begaye,
miaka tisa, soksi ya njano,
anayekatiza shambani kwangu alfajiri, giza bado,
kuliwahi basi la shule.
Nani alimpa ruhusa? Mimi.
Mchimba kisima, wanasema, huingia mwenyewe;
lakini mimi kisima changu
nilikuwa namchimbia mtoto wa mwenzangu.

Nikauza tandiko la farasi. Farasi alishakufa zamani.
Nikanunua waya, nguzo, mabomba.
Ua ukapanda kupita kichwa changu,
ukashuka futi moja na nusu chini,
maana mwizi huyu ana kucha na ana subira.
Ardhi ya huku ni saruji iliyosahau kuitwa saruji:
siku kumi na moja na sururu, mgongo ukaniapiza.
Juu kabisa, mabomba yanayozunguka,
ili atakayedandia ashike kitu kisichoshikika.
Shandiin nikamtengenezea geti lake, na komeo analolifikia.

Halafu aibu yenyewe, niliyoiacha mwisho:
plamu. Mti wangu ulikuwa ukidondosha, nami sikuokota.
Chini yake nikakuta kinyesi kimejaa kokwa.
Kumbe nilikuwa nimetandika meza,
nikaja kumlaumu mgeni kwa kuketi.
Sasa naokota kila jioni, nachemsha jamu,
na Delfino, mtu wa risasi, ameshamaliza chupa nne.

Kuku ni wanane. Huyo mmoja alichukuliwa na kipanga,
mchana kweupe, kutoka juu,
mahali ambapo sikuweka chochote.
Wavu nitaununua mwezi ujao, pensheni ikiingia.

Leo alfajiri alipita. Jike, nadhani, mwembamba, manyoya ya majivu.
Akanusa waya. Akatazama juu kwenye mabomba,
akanitazama mimi na kikombe changu.
Kisha akachutama kwenye nguzo ya pembeni, akakojoa kidogo,
kama karani anayegonga muhuri,
akashika njia yake ya korongoni
bila kukimbia.