Mkata Nta

Profesa Ndekusura Lyaruu anastaafu Ijumaa.
Wameniomba maneno machache, mimi mkata nta wake,
niliyekaa miaka ishirini na sita nyuma ya kisu cha maabara
nikichana uvimbe wa ng'ombe, wa mbwa, wa punda wa Himo,
vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu
vinavyoelea kwenye maji ya vuguvugu, nami navidaka kwa kioo.
Maneno sina. Nina namba.

Namba ya kwanza haimo daftarini.
Ni ng'ombe wa mama yake, Kirua, kule ukungu unakolala hadi saa nne,
aliyekojoa damu kiangazi kizima juu ya majani ya migomba.
Wajomba wakasema ni jicho la jirani.
Mtoto wa darasa la tano akasema: ni kangaga,
majani yakikauka tunamkatia kangaga za msituni.
Wakamwambia nyamaza, shika taa.
Akashika taa. Kibofu kikatupiwa mbwa,
na yeye akakiona kabla ya mbwa:
ndani kimeota vinundu, kama tunda la mkuyu lililopasuliwa.
Basi. Mengine yote,
Morogoro, Ulaya kwenye theluji isiyo na mlima, shahada juu ya shahada,
ni kumfukuza yule mbwa.

Hapa Moshi walimpa chumba nyuma ya dobi ya hospitali.
Madaktari wa watu walimwita Mama Mizoga.
Kantini walisogeza viti; yeye alikula ndizi zake.
Kisha wakaanza kuja, jioni, mmoja mmoja, kioo mfukoni:
"Profesa, hebu tazama, hiki cha kwetu kinafanana na nini?"
Anatazama. "Chembe ikishaasi haina kwato wala vidole.
Uliza alikula nini. Uliza alikunywa maziwa ya nani."

Jarida la kwanza lilimjibu: sampuli chache.
Akachukua Landrova ya chuo, akalala Mwika, akalala Rombo,
akikinga mkojo wa ng'ombe kwenye chupa za konyagi;
wazee wakacheka, kisha wakauliza, kwa sauti ya chini, kuhusu wao wenyewe.
Jarida la pili: haijathibitika.
"Kweli," akasema, "haijathibitika,"
akaniletea trei nyingine.

Masika moja kikaja kitalu 4117.
Wodi ya wanawake. Tumbo. Miaka sabini na mitatu. Kirua.
Jina nililijua. Nikakata polepole kama mtu anayenyoa maiti.
Akasoma kama anavyosoma vyote:
lenzi ndogo, lenzi kubwa, peni ya kijani,
mistari mitatu, sahihi.
Akafuta lenzi kwa pindo la koti.
"Kata tena," akasema, "kipande cha tano kina mkunjo."
Hakikuwa na mkunjo.
Nikakata tena. Nikakata hadi nta ikaisha.

Ijumaa kutakuwa na keki, na mkuu wa kitivo,
na mtu atakosea kulitamka jina la ugonjwa.
Mimi ninavyo vioo viwili vya 4117 nisivyoviandika popote.
Sijui nimpe,
au niviache palepale alipoviweka kwa mkono wake,
kati ya mtamba wa Kibosho na mbwa wa padre,
rafu moja, vumbi moja.