Kokoto Zisizokuwemo

Pampu ya Luchelele ilikuwa inatafuna kokoto.
Ndivyo ilivyosikika. Tulisimama matopeni,
wanafunzi kumi na wawili na mimi, mwalimu wao,
na juu kule ndoo zimepanga foleni bila wenyewe.

"Kuna mawe ndani," alisema Lugiko,
spana tayari mkononi. Tukafungua.
Hapakuwa na jiwe, wala punje ya mchanga.
Ila impela, chuma cha Januari ile ile,
ilikuwa vishimo vitupu,
kama gogo lililoingiwa na mchwa.

Wakanigeukia. Kalamu kumi na moja hewani;
Nyanzobe hakushika kalamu, alikuwa anakinusa kile chuma.
"Ni nini, mwalimu?"
"Sitawapa jibu," nikasema. "Katafuteni. Ijumaa mniletee."
Na kwa kiburi nikaongeza:
"Asiyejua maana haambiwi maana."

Ijumaa walikuja.
Wanne walikuwa na ukurasa mmoja walionakiliana,
hadi namba yake ya chini.
Lugiko alitoka kwa fundi wa injini za boti pale Igogo
na tusi moja na fununu moja: "Mnanyonya mbali mno."
Nyanzobe alikuja na bomba la sindano
la shilingi mia tatu, kutoka duka la dawa.
Akavuta maji ya uvuguvugu, akaziba tundu kwa kidole gumba,
akavuta tena, kwa nguvu.
Yakachemka.
Mkononi mwake, bila moto.

"Ziwa limeshuka," alisema. "Pampu imebaki juu.
Inayavuta maji mpaka yanachemka yakiwa baridi,
na kila povu likipasuka
linaondoka na chembe ya chuma."

Tuliishusha mita mbili na nusu. Ikanyamaza.

Sasa unaniandikia kutoka Ukerewe, Nyanzobe,
nawe una wanafunzi wako,
wanaokaa mbele yako vinywa wazi kama makinda.
Unauliza niliwezaje siku ile kujizuia
nisiwalishe.

Mama, sikujizuia.
Sikuwa na chakula.
Usiku ule, Nyegezi, nilifungua sanduku la vitabu vya chuo,
kurasa zimegandana kwa unyevu,
nikazibandua moja moja kwa kisu cha mkate.
Mke wangu aliamka saa nane, akauliza kama nina mtihani.
Nikamwambia ndiyo.
Hadi Ijumaa nilikuwa nimefika nusu ya njia.
Nusu nyingine nilijifunza kwako,
nikitikisa kichwa kama mtu anayesahihisha.

Nilipaswa kuwaambia pale pale, matopeni:
sijui, twendeni wote.
Wewe waambie.

Na kuhusu mtambo wako wa jua,
ule unaojizima saa sita mchana wakati jua ni kali,
nimesoma barua yako mara tatu.
Sijui.
Nimestaafu, macho yanahitaji taa mbili,
ila jana nilishuka mjini nikanunua daftari.
Nipe mpaka Ijumaa.